Mkopo wa nyumba kwa familia za wanajeshi (Marekani)

Mkopo wa nyumba wa VA ni mkopo wa rehani ambao benki na kampuni za mikopo za Marekani huwapa wanajeshi, maveterani na baadhi ya wajane wao, serikali ya shirikisho ikiwa mdhamini. Herufi VA zinasimamia Idara ya Masuala ya Maveterani. Kwa kawaida idara hiyo haimkopeshi mtu pesa. Inaahidi kumfidia mkopeshaji sehemu ya hasara, mara nyingi hadi robo ya mkopo, mkopaji akishindwa kulipa. Kwa nguvu ya ahadi hiyo familia hununua nyumba bila kianzio. Uamuzi wa kukopesha au kukataa hubaki kwa benki, na jambo hilo limeamua mengi katika historia ya mpango huu.

Historia

Mpango ulianzishwa na sheria iliyotiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 22 Juni 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inapiganwa. Rasimu yake iliandikwa na Harry Colmery, wakili wa Kansas aliyewahi kuongoza chama cha maveterani cha American Legion. Aibu ya mwaka 1932 ilikuwa haijasahaulika: maelfu ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza walipiga kambi Washington kudai bonasi yao, wakatimuliwa na jeshi lile lile walilolitumikia.

Dhamana ya mwanzo ilikuwa nusu ya mkopo na haikuzidi dola 2,000, na riba iliwekewa kikomo cha asilimia 4. Hata hivyo, kufikia 1952 mikopo ya nyumba karibu milioni 2.4 ilikuwa imedhaminiwa. Mfano mashuhuri ni Levittown, kwenye Long Island, New York, ambako kuanzia 1947 kampuni ya William Levitt ilijenga maelfu ya nyumba zinazofanana, na askari aliyetoka vitani aliweza kuingia bila kuweka kianzio.

Askari Weusi wengi hawakuipata neema hiyo. Mikataba ya Levittown ilikataza wasio Wazungu kuishi humo. Uchunguzi uliofanywa katika miji 13 ya Mississippi ulikuta kwamba kati ya mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba iliyodhaminiwa mwaka 1947, Weusi walipata 2 tu. Sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu. Lakini dhamana isingefanya kazi pasipo benki kukubali kukopesha, na benki ziliwafungia milango watu waliovaa sare ile ile. Familia nyingi zilikosa mali ya kuwarithisha watoto, na dhuluma hiyo haijafidiwa.

Masharti na gharama

Mwombaji huanza kwa kupata cheti cha kustahiki. Aliye kazini huhitaji siku 90 mfululizo za utumishi. Uraia si sharti. Mkenya au Mkongo aliyejiunga na jeshi la Marekani akiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu hustahiki kama mwenzake aliye raia. Nyumba iwe ya kuishi, na kwa kawaida familia ihamie ndani ya siku 60. Askari akiwa ametumwa mbali, mwenzi wake akihamia sharti limetimia.

Kuna ada ya mpango. Tangu Aprili 2023, anayeutumia mara ya kwanza bila kianzio hulipa asilimia 2.15 ya mkopo: kwa nyumba ya dola 300,000 ni dola 6,450. Akitanguliza asilimia 5, yaani dola 15,000, ada hushuka hadi asilimia 1.5 ya dola 285,000 zilizobaki, ambayo ni dola 4,275. Anayelipwa fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi husamehewa ada yote, na kuna wanaoilipa kwa kutojua.

Ushauri kwa wanunuzi

Uhamisho ndio mtihani mkubwa, kwa kuwa familia nyingi hupangiwa kituo kipya kila baada ya miaka miwili hadi minne. Aliyenunua bila kianzio hana akiba ndani ya nyumba. Akilazimika kuuza mapema, malipo ya dalali na gharama nyingine zinaweza kuzidi faida, akatoa za mfukoni. Washauri makini humtaka mnunuzi aulize kwanza kodi ya pango ya mtaa huo kama inatosha kulipa rejesho la mwezi iwapo atahama na kuipangisha. Posho ya nyumba isihesabiwe kama mshahara wa kudumu, maana hubadilika kwa cheo, kituo na kuwa au kutokuwa na wategemezi.

Mthamini wa VA huangalia bei pamoja na usalama: paa, maji, mchwa, na rangi inayobanduka katika nyumba zilizojengwa kabla ya 1978, ambayo huenda ina madini ya risasi. Kazi yake si ukaguzi kamili. Mnunuzi aajiri mkaguzi wake mwenyewe.

Nyumba ikiuzwa, mkopo unaweza kuchukuliwa na mnunuzi mwingine pamoja na riba yake. Lakini kama huyo si veterani anayeweka haki yake ya dhamana badala ya ile ya muuzaji, haki ya muuzaji hubaki imefungwa hadi deni liishe.

Mnunuzi mwenye deni la zamani, alilokopa kabla ya kuingia jeshini, anaweza kuomba kwa maandishi riba yake ishushwe hadi asilimia 6 akiwa kazini.

Hali ya sasa

Kikomo cha mkopo kiliondolewa Januari 2020 kwa wenye haki kamili ya dhamana. Mikopo iliyodhaminiwa tangu 1944 imepita milioni 25.