DENI LA TAIFA NA SANDUKU LETU



Kamati ya kijitabu hiki iliniomba niandike historia. Ya kikundi mnaijua, maana mmeitengeneza wenyewe kila siku ya mkutano. Mimi naandika ile iliyotangulia sanduku letu: jinsi nchi yetu ilivyokopa kwa matajiri, na yaliyotupata sisi wanawake hapo katikati. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Mwaka 1973 mafuta yalipanda bei, yakapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, halafu vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha nyingi. Kahawa, iliyokuwa na bei nzuri sana 1977, ikashuka. Wakati huohuo Marekani ilipandisha riba ili kutuliza bei za kwao, na nchi nyingi maskini zenye madeni ya dola zikaumia bila kuulizwa.

Serikali yetu ikaenda kubisha hodi Shirika la Fedha la Kimataifa. Masharti yakawekwa mezani: shusha thamani ya shilingi, punguza matumizi, fungua milango ya biashara. Mwalimu Nyerere alikataa. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, hakuafikiana naye, akajiuzulu mwaka 1979. Wa umri wangu wanakumbuka yaliyofuata: foleni za sukari, nguo kwa kibali, na kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Lakini tuseme kweli, jamani, si shida zote zilitoka nje. Mashirika mengi ya umma yaliendeshwa kwa hasara, na mkulima alilipwa kidogo, tena kwa kuchelewa.

Agosti 1986, chini ya Rais Mwinyi, mkataba na Shirika hilo ukafikiwa. Maduka yakajaa bidhaa. Mfuko je? Dola iliyouzwa kwa shilingi kama 17 mwaka 1985 ilifika karibu 200 mwaka 1990, na ilipofika 1995 ilipita 500. Julai 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yakaporomoka, baada ya nchi zinazonunua na zinazouza kushindwa kuelewana, na bei ikaanguka kwa karibu nusu. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza wagonjwa. Ada za shule nazo zilikuwa zimekwisha kurudi.

Hapo ndipo deni la taifa liliingia nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa kike alifaulu darasa la saba, lakini kahawa ya baba haikutosha ada ya sekondari. Akaambiwa asubiri mwaka mmoja. Hakurudi tena darasani. Leo ni mwenzetu humu kikundini, na mnamjua: anapiga hesabu za hisa kichwani kabla mimi sijashika kalamu. Kila nikimwona nafikiri, kule mbali waliopanga masharti hawakumfahamu hata kwa jina.

Hata hivyo wapo watu wa huko huko waliotusemea. Mei 1998 maelfu yao walishikana mikono kuuzunguka mji wa Birmingham, Uingereza, wakuu wa nchi tajiri wakiwa mkutanoni, wakidai madeni ya maskini yafutwe. Novemba 2001 Tanzania ikakamilisha mpango wa kupunguziwa madeni, nafuu ya kama dola bilioni 3 iliyotandazwa kwa miaka mingi. Mwaka huohuo ada ya shule ya msingi ikafutwa. Wanafunzi waliokuwa hawajafika milioni 5 mwaka 2001 wakapita milioni 7.5 mwaka 2005. Madarasa yalifurika na walimu hawakutosha, lakini watoto waliingia.

Sasa sanduku. Njia yetu hii ya kununua hisa na kukopeshana ilianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa mradi wa shirika la misaada la CARE. Mradi ule haukuwapa wanawake mtaji. Uliwafundisha utaratibu, fedha zikatoka mifukoni mwao wenyewe. Miaka ya 2000 ilipoanza, njia hiyo ilikuwa inaingia Zanzibar na bara. Kwa hiyo hata sisi tumeguswa na msaada wa matajiri, ila huu ulituachia ujuzi, haukutuachia deni.

Nayaandika haya kwa sababu mnajua ubishi tulio nao: tuchukue mkopo mkubwa kutoka nje ya kikundi au tusichukue? Mimi sisemi msaada ni sumu. Lakini mwenye mali hubadili nia. Uingereza ilishusha msaada wake kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5 mwaka 2021, na Julai 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa likisaidia dawa za UKIMWI katika nchi nyingi, yetu ikiwemo.

Basi kabla ya kutia sahihi tuulize maswali matatu. Riba inapangwa na nani, na anaweza kuibadili bila sisi? Bei ya mazao ikianguka, nani atabeba hasara? Na huyo mkopeshaji akiondoka kesho, tutabaki na nini mkononi? Majibu yakiwa mazuri, mimi wa kwanza kunyoosha mkono. Yakiwa na giza, haba na haba hujaza kibaba.

Kufuli zetu ni tatu, na funguo wanazo wanawake watatu tuliowachagua wenyewe. Miaka kumi hakuna aliyetupangia masharti isipokuwa sisi.