Ramani Mbele ya Baraza: Masharti ya Shahada ya Uzamili katika Jiografia Tumizi, Meru na Embu

Barabara itokayo Meru mjini kwenda Nkubu huvuka ikweta baada ya kilomita chache tu. Msafiri wa matatu haoni zaidi ya kibao. Kwa mwanafunzi wa jiografia aliyebeba vipimo vyake kwenye kompyuta, pale ndipo hesabu hugeuka. Gridi ya UTM, ambayo ramani zetu hutegemea, huiweka nchi yote ya mashariki mwa Mlima Kenya katika kanda ya 37. Kaskazini mwa ikweta umbali huhesabiwa kuanzia sifuri; kusini huongezewa mita 10,000,000 ili pasitokee namba hasi. Kwa hiyo Meru mjini husomeka kwenye mita elfu tano na ushei, na Embu mjini kwenye zaidi ya mita 9,900,000. Anayeunganisha majedwali mawili bila kuuliza yametoka upande gani ataikuta miji hii jirani imetenganishwa na robo ya mzunguko wa dunia.

Kosa hilo ni kubwa mno, ndiyo maana huonekana upesi na kusahihishwa. Ninaloliogopa ni dogo. Ramani za 1:50,000 za Survey of Kenya zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960, ilhali simu ya mkononi husoma mahali kwa msingi wa WGS 84. Katika eneo letu tofauti ya misingi hiyo miwili ni takriban mita 300. Kwenye ramani ya Afrika mita 300 si kitu. Katika Imenti zinakutoa shambani kwa mtu na kukupeleka kwa jirani wa tatu au wa nne, na ramani bado inapendeza, na mtahini anasifu rangi zake. Hakuna mtu ukumbini ajuaye kwamba kisima kilichochorwa kwa baba fulani kiko kwa mwingine. Wajuao wako Nkubu, na hawakualikwa.

Masharti ya shahada yenyewe yanafahamika. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya anayeomba uzamili hutakiwa awe na shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu, au la pili la chini likiandamana na uzoefu wa kazi wa miaka kama miwili. Akishaingia husoma kozi, huandika pendekezo la utafiti, huchukua kibali cha utafiti cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), kisha huandika tasnifu na kuitetea mbele ya watahini, akiwamo mmoja wa kutoka nje ya chuo. Mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu huiweka shahada hiyo ngazi ya 9 kati ya 10. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Ninadai sharti moja liongezwe, nalo liwe la lazima kama utetezi wenyewe: ramani isimpe mtu shahada kabla haijapelekwa, katika baraza la chifu, kwa watu wanaoishi ndani yake, ikakosolewa, na makosa yake yakaandikwa.

Mteremko wa Meru na Embu ndio mahali pa kulijaribia sharti hilo, iwe mwanafunzi anasoma Nairobi, Juja, Nyeri, Chuka, Nchiru au Embu kwenyewe. Ukianzia kilele cha Batian, mita 5,199, ukashuka hadi Tana chini ya mita 700, unapita barafu, msitu, chai ya Kianjokoma, kahawa ya Runyenjes, kisha mtama, pojo na mbuzi wa Siakago na Ishiara. Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt, katika mwongozo wao wa usimamizi wa mashamba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliugawa mteremko huu katika kanda za kilimo zinazofuatana kama vidato vya ngazi: chai na ng'ombe wa maziwa juu, kahawa, alizeti na mahindi, pamba, hadi mifugo na mtama chini. Kabla yao Frank Bernard alikuwa amechapisha, mwaka 1972, kitabu chake kuhusu mageuzi ya kilimo cha Wameru. David Brokensha na Bernard Riley nao waliandika kuhusu ujuzi wa Wambeere juu ya mimea yao wenyewe. Kazi hizo zilifanywa kwa miguu na kwa maswali. Leo mwanafunzi wa Nairobi anaweza kuandika kuhusu Mbeere bila kuvuka mto Thika, na sheria za chuo hazimzuii.

Tuangalie miraa na muguka, maana hapo ndipo hoja hii inapopata uzito. Picha za Landsat, zinazotolewa bure tangu 2008, zina pikseli ya mita 30 kwa 30. Ekari moja hubeba pikseli nne na nusu. Sentinel-2, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, ina pikseli ya mita 10, na ekari hubeba arobaini hivi. Ni nafuu kubwa. Lakini shamba la Igembe mara nyingi si la miraa pekee: kuna migomba, kuna mahindi katikati ya mistari, kuna mti wa kivuli na paa la mabati. Pikseli humeza vyote na kutoa rangi moja. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba nazo huleta mawingu yanayoufunika mteremko wa mashariki wakati uleule ambapo mazao ya msimu yanakua, na ndiyo maana mwenye busara hugeukia rada ya Sentinel-1 inayopenya mawingu. Muguka wa Mbeere, mfupi na wa kichaka, huja na matatizo yake mengine.

Sasa mwanafunzi anatoa tasnifu inayodai usahihi wa asilimia kadha wa kadha. Umepimwa vipi? Mara nyingi mno alikaa mbele ya skrini, akachagua nukta za kuifundishia programu kwa kuitazama picha, kisha akachagua nukta nyingine za kuipimia kwa kuitazama picha ileile. Asilimia hiyo hupima jinsi mwanafunzi anavyokubaliana na macho yake. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa swali la muguka si la darasani. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisitisha kwa muda amri hiyo, riziki ya watu ilikuwa mizanini. Atakayetoa idadi ya ekari katika mabishano ya namna hiyo lazima awe amesimama kwenye ekari hizo.

Mipaka ya mashamba inadai zaidi. Chini ya Sheria ya Uamuzi wa Umiliki wa Ardhi ya 1968, watu walionyesha mipaka yao mbele ya kamati, na ramani nyingi za usajili zikachorwa kutoka picha za ndege zilizokuzwa bila kurekebishwa, kwa kufuata nyua. Kwenye ardhi ya milima picha ya namna hiyo hupotosha umbali. Sheria inalijua hilo: kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 husema ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu. Mwanafunzi akiichukua, akaitia kwenye kompyuta na kuipa nukta zenye desimali sita, atakuwa ameipa uhakika ambao sheria yenyewe iliukataa. Kumbukumbu iliyobaki ni ya wazee waliokuwapo kamati ilipopita, na wazee hao wanapungua kila mwaka.

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba uzamili ni wa miaka miwili, fedha ni haba, na nafasi inahitajika kwa takwimu, kwa Python na kwa kujifunza kwa mashine. Takwimu na Python zibaki. Asiyeweza kueleza kosa la sampuli asipewe shahada. Baraza la chifu halihitaji muhula mzima. Linahitaji ramani zilizochapishwa kwa ukubwa wa kusomeka, nauli, siku mbili au tatu, na mtu wa kutafsiri kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere. Droni ya kupiga picha za eneo lilelile ni ghali kuliko hayo yote, na vyuo huinunua.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: wanakijiji wanaweza kuwa na maslahi, na mkosoaji akawa anavuta mpaka upande wake. Ni kweli. Pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mwenye shamba, kwa hiyo ramani yenye jina la mtu haibandikwi ukutani bila ridhaa yake. Haya ni mambo ya kufundishwa, na hayafundishiki penginepo. Kifungu cha 110 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka kila kaunti iwe na mpango wa anga wa miaka kumi unaotegemea mfumo wa taarifa za kijiografia. Wahitimu wetu ndio watakaouchora, na watakutana na maslahi hayo siku ya kwanza kazini.

Hoja hii ya kwenda uwandani inagusa mlango wa kuingilia pia. Afisa wa kilimo aliyetembea Mbeere Kaskazini miaka kumi na ana daraja la pili la chini anaomba nafasi akiwa nyuma ya kijana mwenye alama nzuri ambaye hajawahi kushika GPS shambani. Kamati ya udahili inapaswa kuupima uzoefu huo kama elimu, kwa mtihani wa uwandani ikibidi.

Kwenye tasnifu, sharti hili litachukua kiambatisho kimoja: tarehe na mahali pa baraza, msingi na kanda ya gridi iliyotumika, nukta zilizopingwa na sababu zilizotolewa, zilizobadilishwa na zilizobaki. Pale ambapo mwanafunzi ameona kwamba mzee ndiye aliyekosea, aandike hivyo pia, pamoja na jina la mahali na kipimo chake, ili mtahini wa nje aweze kupanda gari akaangalie mwenyewe.