Saa 24 za Mtoto: Muda wa Runinga Usipunguze Usingizi na Michezo

Mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza ana saa 24 kwa siku sawa na mtu mzima, lakini mwili wake unahitaji sehemu kubwa zaidi ya saa hizo kwa kulala na kucheza. Kila muda unaoongezwa mbele ya runinga hupunguzwa mahali pengine.

Mwezi Aprili 2019, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu mgawanyo wa siku kwa watoto wenye umri chini ya miaka 5. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hashauriwi kuketi akitazama runinga wala simu. Mwenye umri wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi.

Aidha, mtoto wa miaka 3 hadi 4 anapaswa kulala saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo, na kuushughulisha mwili kwa angalau dakika 180, zikiwemo dakika 60 za michezo ya nguvu kama kukimbizana na kuruka kamba.

Hesabu hiyo huonekana zaidi nyakati za jioni. Mtoto anayeamshwa saa 12 asubuhi kwenda shule ya awali, na ambaye halali mchana, anapaswa kuwa usingizini ifikapo saa 2 usiku, wakati familia nyingi zinapoketi kutazama taarifa ya habari. Akibaki sebuleni hadi saa 4 usiku, atapata saa 8 tu za usingizi.

Vipo vipindi vilivyoandaliwa kwa ajili ya umri huo, kikiwemo Akili and Me kinachotengenezwa nchini Tanzania. Hata hivyo, navyo huhesabiwa ndani ya saa hiyo 1.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja malezi yenye mwitikio miongoni mwa mahitaji ya msingi ya mtoto. Runinga huzungumza bila kumsikiliza mtoto. Mwitikio hutoka kwa mzazi au mlezi.

Hivyo, wazazi na walezi wanahimizwa kupanga muda maalumu wa kutazama, kuzima runinga kabla ya mtoto kulala, na kutumia muda huo kumsimulia hadithi.