Sura ya Kaisari na Ndovu wa Tabora

Katika zama za misafara, Unyanyembe ilifanya biashara kubwa pasipo haja kubwa ya sarafu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipowasili Kaze, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba 1857, mali waliyotumia ilikuwa merikani, kaniki, shanga na nyaya, ilhali pembe zilizofika Unguja zilikadiriwa kwa riale zenye sura ya Maria Theresa. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipopigisha riale yake mwaka 1299 wa Hijria, aliweka maandishi matupu, bila sura ya mtu.

Sura ya mtawala ililetwa bara na Wadachi. Tangu 1890 kampuni yao ilipiga rupia ya fedha, na juu yake Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai utosini, akizungukwa na maneno, si ya Kidachi bali ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Aliyepata kuziona denari za Kirumi za Augusto au Trayano atautambua mara moja mtindo huo, yaani kichwa cha mtawala, jina lake na cheo chake, vikienda mfukoni mwa raia ambaye hatamwona maisha yake yote. Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyewapinga Wadachi, aliangamia ngomeni mwake Januari 1893. Kisha ikaja kodi ya nyumba ya 1897, na polepole sura ile ikawa lazima itafutwe, apende mtu asipende. (Mpagazi, nadhani, alijali zaidi fedha kuliko Kilatini.)

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipofunga bahari, karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Huko, mwaka 1916, zilipigwa heller za shaba, na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke zikapigwa rupia 15 zipatazo 16,198, kila moja ikiwa na herufi T, tai wa dola upande mmoja, na upande wa pili ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Kaisari hayumo.

Roma ilikwenda kinyume chake: Julius Caesar, akiwa vitani takriban mwaka 49 kabla ya Kristo, alipiga denari yenye ndovu na jina lake tu, na uso wake haukuonekana hadi mwaka 44, mwaka aliouawa. Tabora ilianza na uso, ikaishia na ndovu. Na kwa hukumu yangu ndovu huyo, aliyepigwa kwa dhiki, anazishinda kwa uzuri rupia zote zilizotoka Berlin. Wabelgiji waliingia mjini tarehe 19 Septemba 1916, na kazi hiyo haikuendelea tena.