Saini ya kidijitali: istilahi inayolinda ruta ya nyumbani

Ruta ya nyumbani ni kompyuta, ingawa haina kioo wala kibodi. Ina kichakataji, ina kumbukumbu, na ndani ya kumbukumbu hiyo imo programu inayoamka mara tu kifaa kinapowashwa. Hiyo ndiyo inayorusha Wi-Fi, inayogawa anwani kwa simu na kompyuta za mle ndani, na inayoamua kipi kipite na kipi kizuiwe. Kiswahili kimekwisha kuipa jina: programu dhibiti. Jina hilo linafaa, kwa kuwa kazi ya programu hiyo ni kukidhibiti kifaa chenyewe. Mtumiaji haifungui wala haifungi. Anaishi nayo bila kuiona.

Istilahi inayosumbua inakuja wakati programu dhibiti inaposasishwa. Mtengenezaji amegundua tundu, ameliziba, ametoa toleo jipya. Ruta itajuaje kwamba faili iliyoipokea imetoka kwa mtengenezaji huyo, na kwamba hakuna aliyeichezea njiani? Jibu liko katika kriptografia, na hapo ndipo waandishi wengi wa habari za teknolojia hukimbilia neno moja: usimbaji fiche.

Usimbaji fiche una kazi yake maalumu. Ni kuugeuza ujumbe usisomeke na mtu asiye na ufunguo. Baadhi ya wafasiri huita kazi hiyo kufumba. Lakini kriptografia ina kazi nyingine mbili zisizohusu kuficha chochote: kuonyesha kwamba maandishi hayajabadilika, na kuonyesha aliyeyatoa. Sasisho la ruta kwa kawaida halina siri. Watengenezaji wengi huliweka tovutini, na yeyote anaweza kulipakua. Kinachohitajika ni uthibitisho, na uthibitisho una istilahi zake: heshi na saini ya kidijitali.

Heshi ni hesabu inayochukua faili ya ukubwa wowote na kutoa namba fupi ya urefu uleule daima. Hesabu iitwayo SHA-256 hutoa biti 256, zinazoandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Badilisha nukta moja ndani ya faili, na heshi yote inageuka. Watu wawili wakipata heshi moja, wanaweza kuamini kwamba wana faili moja, mradi hesabu yenyewe ni imara.

Si zote zilizo imara. MD5, iliyobuniwa na Ronald Rivest mwaka 1991, ilitumika duniani kote kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 2004 mtaalamu wa hisabati wa China, Xiaoyun Wang, na wenzake walionyesha mgongano, yaani faili mbili tofauti zenye heshi moja. Mwaka 2012 ilibainika kwamba programu ya ujasusi iitwayo Flame ilitumia mgongano wa MD5 kughushi cheti, ikajipenyeza katika kompyuta za Windows kwa sura ya sasisho halali la Microsoft. SHA-1 nayo ilipatwa na mgongano mwaka 2017, katika kazi ya watafiti wa kituo cha CWI cha Amsterdam na wa Google.

Hata heshi iliyo imara haitoshi ikiwa peke yake, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuikokotoa. Ikiwa faili na heshi yake zinapita njia moja isiyolindwa, mdukuzi aliyekaa katikati atabadilisha zote mbili, na ruta italinganisha uongo na uongo kisha iridhike.

Saini ya kidijitali ndiyo inayoziba pengo hilo. Mtengenezaji ana funguo mbili zinazohusiana kihisabati. Ufunguo wa siri anabaki nao, na kwa huo anaitia saini heshi ya toleo jipya. Ufunguo wa umma anauweka ndani ya kila ruta tangu kiwandani. Ruta inaweza kuikagua saini, lakini haiwezi kuitengeneza. Hata mtu akiibomoa ruta na kusoma kila biti iliyomo, hatapata cha kughushia.

Hapo ndipo wanapokosea watengenezaji wanaodhani kufumba ni kutia saini. Katika usimbaji fiche wa ufunguo mmoja, kama ule wa AES, ufunguo unaofungua ndio huohuo unaofunga. Ruta lazima iwe nao ili ifumbue sasisho, na kilichomo ndani ya ruta iliyo mikononi mwa watu si siri ya kudumu. Ruta ya D-Link aina ya DIR-882 ni mfano. Matoleo yake mapya yalikuja yamefumbwa, lakini mwaka 2020 watafiti walieleza jinsi walivyorudi kwenye toleo la mpito, ambalo lilikuwa bado halijafumbwa, wakakuta ndani yake chombo kilekile cha kufumbulia matoleo yaliyofuata. Kama sasisho linategemea kufumbwa tu, aliyepata ufunguo huo anaweza kufumba la kwake likapokelewa.

Katika lugha yetu maneno mawili yanashindania nafasi hii: saini na sahihi. Sahihi ni la zamani na lina heshima yake. Hadi leo watu hutia sahihi katika mikataba na hundi. Lakini neno hilohilo lina maana ya kitu kisicho na kosa, na maana hiyo ya pili inapotosha. Saini ya kidijitali haisemi kwamba kilichomo ni kizuri. Inafanana na lakiri ya sanduku la kura: inaonyesha nani amefunga na kwamba hapajafunguliwa tangu hapo, lakini haizihesabu kura wala haijui zilivyoingia. Kwa hiyo katika istilahi za usalama nachagua saini, na sahihi ibaki kwa maana ya usahihi. Programu inaweza kuwa na saini halali bila kuwa sahihi.

Tofauti hiyo ilidhihirika katika mradi wa OpenWrt. OpenWrt ni programu dhibiti huria iliyojengwa juu ya Linux, na watu huiweka katika ruta za watengenezaji mbalimbali badala ya ile ya kiwandani. Utaratibu wake wa vifurushi vya programu ulikuwa mzuri: orodha ya vifurushi ilitiwa saini, na ndani ya orodha ilikuwamo heshi ya SHA-256 ya kila kifurushi. Mnamo Januari 2020 ilibainika kwamba chombo cha kuviweka, opkg, kilikuwa hakikagui heshi hizo. Mtafiti Guido Vranken ndiye aliyeligundua kosa. Katika orodha, kabla ya heshi palikuwa na nafasi tupu moja. Msimbo wa kusoma ulikwama kwenye nafasi hiyo, na badala ya kukataa kifurushi ukaendelea kana kwamba hakuna heshi ya kulinganisha. Kosa hilo lilikuwapo tangu Februari 2017. Vifurushi vilipakuliwa kwa HTTP isiyolindwa, hivyo aliyekaa njiani, akilinganisha tu ukubwa wa faili, angeweza kupenyeza chake.

Desemba 2024 likaja la pili. OpenWrt ina huduma inayomjengea mtumiaji programu dhibiti kulingana na orodha ya vifurushi anavyotaka. Ombi likifanana na lililokwisha kujengwa, seva hutoa kilichopo, na kufanana huko kulipimwa kwa heshi. Ila heshi ya orodha ya vifurushi ilikuwa imekatwa: katika herufi 64 zilibaki 12. Kutoka biti 256 zikawa 48, yaani takriban uwezekano trilioni 281. Namba hiyo inatisha machoni, lakini kadi ya michoro wanayonunua wapenzi wa michezo ya kompyuta hujaribu mabilioni ya heshi kwa sekunde. Mtafiti anayejulikana kwa jina la RyotaK, wa kampuni ya Flatt Security ya Japani, aliunganisha udhaifu huo na mwingine, uliomwezesha mwombaji kupenyeza amri zake wakati wa ujenzi. Matokeo yangekuwa mtumiaji mwema kuomba programu halali na kupewa iliyotiwa sumu, tena yenye saini halisi ya seva. Wasimamizi walirekebisha kwa saa chache, wakasema uwezekano kwamba kuna aliyedhurika ni mdogo mno, lakini wakawashauri watumiaji wa huduma hiyo waweke upya toleo lilelile.

Katika mikasa yote miwili hesabu ya SHA-256 haikuvunjwa. Kwa hiyo kriptografia dhaifu isichukuliwe kuwa ni hesabu mbovu peke yake. Ni pamoja na hesabu nzuri iliyokatwa, ukaguzi usiofanyika, ufunguo uliofichwa mahali pasipofichika, na hata ruta kukubali toleo la zamani lenye tundu kwa kuwa saini yake bado ni halali.

Hatari ya yote haya ni kubwa kwa sababu ya mahali ilipo ruta. Anayeimiliki programu dhibiti anaweza kubadilisha seva za majina, ukaandika anwani ya benki ukapelekwa kwenye tovuti ya kughushi; anaweza kuona vifaa vyote vya nyumbani, au kukigeuza kifaa chako kiwe askari wa mashambulizi ya watu wengine. Mwaka 2018 kampuni ya Cisco ilitangaza kwamba programu hasidi VPNFilter ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 vya mtandao, ruta zikiwa nyingi, katika nchi zisizopungua 54. Haikuhitaji kughushi sasisho. Vifaa vingi vilivyoathirika vilikuwa na matundu yaliyokwisha kujulikana. Kwa hiyo anayeacha kusasisha kwa kuogopa masasisho anajiweka katika hatari kubwa zaidi.

Kabla ya kununua ruta, uliza mambo mawili: masasisho yatatolewa hadi mwaka gani, na je, kifaa hukagua saini kabla ya kuyapokea? Ukipakua mwenyewe, pakua katika tovuti ya mtengenezaji kwa HTTPS, si kwa kiungo ulichotumiwa. Na kwa wanaofasiri menyu na miongozo ya vifaa hivi, tuyatenganishe maneno: kufumba ni kuficha, heshi ni kulinganisha, saini ni kuthibitisha mtoaji. Mnunuzi akiambiwa tu kwamba sasisho “limesimbwa fiche,” bado hajaambiwa kama liko salama.