Ajali Haina Kinga, Nani Alisema?

Neno ajali tulilipata kwa Waarabu, na mwanzoni halikuhusu magari wala mashine. Ajal ni muda uliowekwa, siku ya mtu ambayo imeshaandikwa. Kutoka hapo tukapata methali: ajali haina kinga. Ni methali nzuri ya kumfariji mtu matangani. Lakini ukiipeleka kazini inageuka kuwa wakili wa mwajiri, na wakili huyo ameshinda kesi nyingi sana hapa Kenya.

Anzia kwenye reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walijenga njia ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 wakarudishwa kwao wagonjwa au vilema. Tunazo hesabu hizi kwa sababu Wahindi wale walikuwa na mikataba, na mtu mwenye mkataba huwa ameandikwa jina mahali. Sasa angalia Tsavo, 1898, wakati simba wawili walikuwa wakiwatoa watu kwenye mahema usiku. J. H. Patterson, mhandisi aliyesimamia daraja, alitaja Wahindi 28 waliouawa. Kuhusu Waafrika waliokufa pale, yeye mwenyewe aliandika kwamba hakukuwa na rekodi rasmi. Simba ni wale wale, kazi ni ile ile, ila mmoja ana namba na mwingine hana. Asiye na namba hana fidia, na kifo chake hakimfundishi mtu yeyote chochote.

Huku Meru mambo yalikuja polepole. Edward Horne, yule Mzungu mfupi ambaye Wameru walimwita Kangangi, alianzisha boma la serikali mwaka 1908. Wamethodisti wakafika Kaaga 1912. Boma na misheni ni mbao, na mbao zilikuwa mlimani. Kabla ya mashine, gogo lilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili: gogo limelazwa juu ya shimo, mmoja amesimama juu yake, mwenzake yuko shimoni akivuta huku unga wa mbao ukimwingia machoni. Gogo likiteleza, yule wa chini hana pa kukimbilia. Halafu miaka ya 1930 serikali ikaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kulima kahawa, na baada ya kahawa zikaja mashine za kumenya: mikanda, magurudumu, meno ya chuma. Mkono sasa ulikuwa na adui asiyechoka.

Na hapa ndipo historia inaudhi. Dawa ya mashine inayokata mikono ilijulikana zamani: funika sehemu inayozunguka. Uingereza iliweka sharti hilo kwenye sheria yake ya viwanda mwaka 1844. Kenya, iliyotawaliwa na Uingereza hiyo hiyo, ilipata sheria yake ya viwanda mwaka 1950, ikaanza kutumika Septemba 1951. Hesabu mwenyewe: miaka 107 kutoka pale hadi hapa. Hakuna aliyekuwa akisubiri uvumbuzi. Kilichochelewa ni kukubali kwamba vidole vya huku pia ni vidole.

Leo ukitembea kutoka Kaaga kuelekea Meru mjini utaona kazi kila upande: mafundi wa milango ya chuma, watu wa mbao, hosteli za wanafunzi zikipanda ghorofa. Angalia greinda kwanza. Mara nyingi utaikuta haina gadi. Imetolewa ili diski kubwa zaidi iingie, maana diski kubwa inakata haraka, na fundi analipwa kwa geti, halipwi kwa saa. Shida ni kwamba kila diski imeandikwa kasi yake ya mwisho. Diski kubwa kwenye greinda ndogo huzungushwa kupita kasi hiyo, na ikipasuka, kipande kinaruka moja kwa moja usoni. Uzembe? Labda. Lakini uliza nani aliweka bei ya geti ikawa chini hivyo.

Mtaro nao ni vilevile. Udongo mwekundu ukikauka unaonekana imara kama ukuta, kisha mvua inanyesha usiku, na asubuhi mtu wa mkono anaambiwa ashuke amalizie. Udongo uliochimbwa umerundikwa ukingoni, unasukuma ukuta kutoka juu. Kinga yake si ghali: sogeza lile rundo mbali, shikilia kuta kwa mbao, weka ngazi karibu, na mvua ikinyesha kagua kabla mtu hajaingia. Ni nusu siku ya kazi. Nusu siku hiyo ndiyo hukatwa kwenye bajeti.

Mwaka 2007 Kenya ilipitisha sheria mbili mpya. Ya usalama na afya kazini inagusa kila mahali mtu anapofanya kazi, hata ikiwa ni kwa muda tu, kwa hiyo kibanda cha mabati kando ya barabara kimo. Ya fidia inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na inamhesabu hata kijana anayejifunza ufundi. Ukifa kazini au ukilemaa kabisa, malipo ni mshahara wa miezi 96. Mawakili waliipinga mahakamani, na kesi ikamalizwa na Mahakama ya Juu Desemba 2019.

Bado kuna tundu. Fundi anayejiajiri ameagizwa na sheria ajilinde, lakini akiumia hakuna mwajiri wa kumlipa. Na kibarua wa siku, ambaye sheria inamtambua, mara nyingi hana karatasi ya kuonyesha alikuwa pale. Tumerudi Tsavo.

Kwa hiyo kama uko mjengoni wiki hii, au kakako yuko, fanya kile ambacho hakuna aliyewafanyia wale Waafrika wa 1898. Andika. Tarehe, mahali, nani alikupa kazi, nani alikuwepo, picha ya mashine kabla haijasogezwa. Mwarifu mwajiri mara moja, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Yeye ana siku saba za kuripoti, na mtu akifa ana saa 24. Dai la fidia lina miezi kumi na miwili. Na yule atakayekuja kukuambia kwamba ajali haina kinga, muulize gadi iko wapi.