Lenzi za zamani kwenye DSLR: Angalia haya kabla hujanunua

Lenzi ya zamani ya kufokasi kwa mkono mara nyingi ni bei poa na bado inatoa picha safi. Tatizo, si kila lenzi inakubali kila kamera.

Nikon: Mfumo wa kufungia lenzi wa F upo tangu 1959. Lenzi za kabla ya maboresho ya AI ya 1977 zinaweza kuvunja kidude kilicho pembeni ya tundu la lenzi kwenye kamera kama D7000, hivyo usilazimishe. Lenzi ya AI inaingia salama. D3300 itapiga nayo ukiweka M, ila haitapima mwanga.

Canon: Lenzi za FD haziingii kwenye EF, mfumo ulioanza 1987. Ukitumia adapta isiyo na kioo, vitu vya mbali vitatoka na ukungu. Lenzi nyingi za skrubu za M42 zinakubali kwa adapta ya kawaida.

Kupiga: Weka M, zungusha pete ya fokasi, kisha kuza picha kwenye skrini uone kama imekaa sawa.

Kabla ya kulipa, mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache.